Funika Jina, Kisha Pima Neno

*DARASA LA RAMADHANI – SIKU YA 25*

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo nimeandika ndefu kuliko siku nyingine, mtanisamehe. Usome taratibu baada ya tarawehe, au kesho wakati unasubiri adhana ya magharibi. Nimeona niandike leo, tarehe 25, kwa sababu bado siku nne tu tuanze kuulizana lile swali letu la kila mwaka: "Shehe, mwezi umeandama?" Likishaulizwa hilo, jamani, hatusikilizani tena. Huyu ana Saudia yake, yule ana Mufti wake, na wa tatu ana picha kwenye simu. Bora tuzungumze sasa, vichwa vikiwa bado vimepoa.

*1. Kosa langu*

Naanza na kosa langu mwenyewe, ili mtu asidhani namsema yeye.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa imamu wa msikiti mdogo upande wa Handeni. Ilikuwa tarehe 29 Ramadhani, wakati wa masika. Tulisimama nje ya msikiti kutazama magharibi, wingu limetanda, hatukuona kitu. Tukaswali magharibi, tukafuturu, tukaswali isha. Wakati huo habari zilishaingia kwenye simu kwamba Saudia wametangaza kesho Idi.

Tukiwa tunajiandaa kwa tarawehe, akaja kijana mmoja na bodaboda, suruali imejaa tope mpaka magotini. Ni mchoma mkaa. Namjua kwa sura. Akasimama mlangoni, akanisalimia kwa adabu, akasema: "Shehe, nimeuona mwezi. Nilikuwa juu ya kilima, wingu likafunguka kidogo. Umelala kama mtumbwi, ncha zinatazama juu."

Mimi nikamuuliza swali moja tu. Sikuuliza saa ngapi, wala upande gani, wala alikuwa na nani. Nilimuuliza: "Unaswali msikiti gani?"

Akautaja. Ni msikiti wa wale ndugu zetu wanaofuata mwezi wa kimataifa.

Nikamwambia: "Basi nenda kawaambie wenzako."

Watu wakacheka. Kijana akaitikia kwa kichwa, akawasha bodaboda, akaondoka. Sisi tukaingia kuswali tarawehe.

Ilipofika kama saa nne usiku ikaja taarifa kutoka kwa viongozi wetu wenyewe, wale ambao sisi tunawafuata: mwezi umeonekana, kesho ni Idi. Ikawa hekaheka. Kina mama wanaamshana, mchele haujachambuliwa, nguo za watoto hazijapigwa pasi. Tuliswali Idi, alhamdulillah. Lakini nilipokuwa juu ya mimbari asubuhi ile, macho yangu yalikuwa yanamtafuta kijana wa mkaa, naye hakuwepo.

Siku ya tatu nilimfuata. Nilimkuta anashona magunia. Nikamwomba radhi. Akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Shehe, mimi sikuja kuleta mwezi wa msikiti wetu. Nilileta niliouona. Niliogopa watoto wako watafunga siku ya Idi." Kisha akaniambia kitu kingine kilichonimaliza kabisa: kule kilimani alikuwa na mdogo wake, na wote wawili waliuona.

Wawili! Na mnajua fiqhi yetu: kuingia Ramadhani shahidi mmoja mwadilifu anatosha, kutoka tunataka wawili. Wawili walikuwepo. Mimi ndiye sikuuliza.

*2. Mwalimu alisahau somo lake*

Kinachoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimeshafundishwa dawa ya ugonjwa huu. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu alituambia: ukisahihisha mtihani, funika jina la mwanafunzi. Kwa nini? Kwa sababu ukiona jina la yule mtoto mpole, anayekuletea maji ya kunawa, jibu lake lenye kasoro utaliona lina "mwelekeo." Ukiona jina la yule mtoro, jibu lake zuri utasema kaibia kwa jirani. Jibu halijabadilika hata herufi, ila jicho la mwalimu limeshachagua kabla halijasoma.

Wazee wetu walishalisema hili: ukipenda, chongo utaita kengeza. Nami naongeza: ukichukia, hata kengeza utaita chongo.

Usiku ule sikumfunika kijana jina. Nilianza na jina, nikaishia hapo hapo. Neno lake sikulipima hata kidogo.

Sasa angalieni Mtume wetu (s.a.w.). Katika hadithi waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, ingawa wanavyuoni wameizungumzia sanad yake, bedui mmoja alikuja akasema ameuona mwezi wa Ramadhani. Mtume akamuuliza kama anashuhudia kuwa hapana mola ila Allah, na kwamba Muhammad ni Mtume wake. Akasema ndiyo. Bilal akaamrishwa awatangazie watu wafunge. Na Abu Dawud amepokea pia habari ya mabedui wawili waliokuja siku ya mwisho ya Ramadhani, watu wakiwa wamefunga, wakashuhudia kwamba mwezi waliuona jioni ya jana yake. Mtume akawaamrisha watu wafungue.

Mabedui, ndugu zangu! Watu wa nyikani, wa vumbi na ngamia. Hawakuulizwa kabila, wala kundi, wala wanakaa kwa nani. Mtume aliuliza uislamu, mimi niliuliza msikiti. Tofauti ya maswali haya mawili ndiyo darasa letu la leo.

*3. Vitu vitatu kwenye gunia moja*

Hebu tulifungue gunia hili la mwezi tuone ndani mna nini. Tunasema "tunabishana kuhusu mwezi," kumbe tunabishana mambo matatu kwa pamoja, na ndiyo maana hatufiki.

_La kwanza ni tukio._ Mwezi umeonekana au haujaonekana? Nani kauona, wapi, saa ngapi? Hili halina madhehebu. Ama umeonekana au haukuonekana, na linaamuliwa kwa mashahidi.

_La pili ni rai._ Ukionekana mbali, je, sisi huku unatulazimu? Hapa wanavyuoni wametofautiana tangu zamani. Kwenye Sahihi Muslim kuna kisa cha Kurayb. Alitumwa Sham, Ramadhani ikaandama akiwa huko, akauona mwezi usiku wa Ijumaa. Aliporudi Madina mwisho wa mwezi, Ibn Abbas (r.a.) akamuuliza mliuona lini. Akamweleza. Ibn Abbas akasema wao Madina waliuona usiku wa Jumamosi, na wataendelea mpaka watimize thelathini au wauone. Kurayb akauliza kama hakutoshi kuonekana kwake kwa Muawiya na funga yake. Akajibiwa hapana, hivyo ndivyo alivyotuamrisha Mtume.

Wanavyuoni wa Kishafii wakashika hapo: miji iliyo mbali, kila mmoja na mwandamo wake. Na hata wao hawakukubaliana "mbali" ni wapi. Imamu Rafii alipima kwa masafa ya safari ya kupunguza swala, Imamu Nawawi akaangalia tofauti ya mahali mwezi unapochomoza. Wanavyuoni wengi wa madhehebu mengine wakasema ukionekana mahali pamoja Waislamu wote wanalazimika, maana amri ya kufunga kwa kuuona mwezi imeelekezwa kwa umma wote. Kila upande una dalili, na una watu wenye elimu na uchamungu kuliko mimi na wewe tukijumlishwa.

_La tatu ni moyo._ Hili ndilo hatulisemi, na ndilo linaloendesha yale mawili. Naomba tulikalie kidogo.

*4. Wote wanadai umoja*

Muulize ndugu anayefuata mwezi wa kimataifa kwa nini anafuata huo. Atakwambia: "Shehe, umma ni mmoja. Mungu mmoja, Kibla kimoja, kwa nini Idi iwe mbili? Mipaka hii waliichora wakoloni, mwezi haujui mpaka."

Muulize anayesubiri tangazo la Mufti. Atakwambia: "Shehe, umoja. Mji mmoja, soko moja, makaburi mamoja, kwa nini Idi iwe mbili? Tuna kiongozi, tumsikilize."

Mmesikia? Wote wawili wamesema neno lile lile. Hakuna hata mmoja aliyesimama kutetea mfarakano. Mmoja anapenda umoja wa mbali, umma wote tangu huko kwingine mpaka hapa. Mwingine anapenda umoja wa karibu, wa mtaa na ukoo. Anaposema "sisi," huyu anamaanisha Waislamu wa dunia, yule anamaanisha Waislamu wa Manundu au Chanika. Ugomvi wetu hauko juu mbinguni. Uko kwenye neno "sisi."

Ukilijua hili, moyo unalainika. Yule uliyekuwa unamwita mkaidi, kumbe anapenda kitu kizuri. Na yule anayekuita wewe mfuata mkumbo, kumbe hajaona kwamba na wewe unalinda kitu kizuri. Vitu viwili vizuri vimegongana, na vikigongana inabidi kuchagua. Lakini kuchagua ni kitu kimoja, na kumfanya mwenzio mpotevu ni kitu kingine.

Kuna mama mmoja wa jamaa zetu, simtaji. Ana watoto wawili wa kiume, mmoja anakaa Korogwe, mmoja Handeni. Mwaka mmoja wa Handeni alikuja nyumbani kwa mama kula Idi Ijumaa. Wa Korogwe akaja Jumamosi. Wa Ijumaa alikataa kulala ili asikutane na nduguye, na wa Jumamosi alipofika akaona sufuria ya pilau ya jana, akauliza mbele ya wajukuu: "Nani huyu aliyekula Ramadhani mchana?" Mama akaniambia: "Shehe, hawa wote nimewabeba tumboni miezi tisa ile ile. Sasa kila mmoja ana mwezi wake, na mimi sina Idi."

Jiulizeni. Walitofautiana kwenye jambo ambalo wanavyuoni wamelitofautia, kila mmoja ana udhuru. Lakini kumvunjia mama Idi, hilo nani amelitofautia? Kuna dhehebu gani linaruhusu? Waliacha wajibu ulio wazi wakagombania jambo lenye rai mbili.

Kumbukeni Bani Quraydha, mwaka wa 5 Hijria, baada ya vita vya Khandaq. Mtume (s.a.w.) aliwaambia maswahaba mtu asiswali alasiri ila kwa Bani Quraydha. Wakiwa njiani wakati ukawadia. Wengine wakasema, hatuswali mpaka tufike, kama tulivyoambiwa. Wengine wakasema, alichotaka ni tufanye haraka, wakaswali njiani. Wamesikia neno moja, kwa masikio yao, kutoka kwenye kinywa kile kile, na bado wakafahamu mara mbili! Mtume alipoelezwa hakumkemea hata mmoja. Nami kila nikiisoma hadithi hii najiuliza: walipokuwa njiani, kuna aliyekataa kutembea na mwenzake? Wote walifika wakiwa jeshi moja.

*5. Lakini tukio halipindishwi*

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi kila mtu ana ukweli wake. Rai zinaweza kuwa mbili, tukio ni moja. Hakuna "mwezi nilivyojisikia." Na hapa ndipo upendo wetu unapotuingiza kwenye dhambi, maana mtu akishapenda upande wake anaanza kuchagua matukio kama anayechambua mchele: linalomsaidia analibakisha, lisilomsaidia anasema ni kijiwe.

Nitawapa mfano mzito zaidi. Mwaka wa 10 Hijria alifariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume wetu. Siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Fikirini: maneno yale yalikuwa ya mapenzi. Yalikuwa yanampa Mtume heshima, tena siku ambayo moyo wake umejaa huzuni. Angenyamaza tu, watu wangeondoka na imani yao imeongezeka. Hakunyamaza. Aliwaambia, kwa maana ya hadithi iliyomo kwenye Bukhari na Muslim, kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Allah, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake.

Subhanallah! Alikataa uongo uliokuwa upande wake. Hicho ndicho kipimo. Kukataa uongo wa mpinzani kila mtu anaweza. Kukataa uongo unaokusaidia, hapo ndipo tunapoijua dini ya mtu.

Basi na sisi tujipime kwa mambo matatu ya mwezi.

_Picha za simu._ Mwaka mmoja ililetwa picha ya mwezi kwenye kundi letu, "umeonekana sasa hivi." Nilipoifuatilia ilikuwa ya mwaka uliopita. Aliyeituma alikuwa mtu mwema tu, ila aliipenda, na akiipenda hakuikagua. Qur'ani, Surat Al-Hujurat aya ya 6, inatutaka tuhakikishe habari aliyoileta mtu fasiki kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Simu haina uadilifu wala ufasiki, inabeba chochote. Uhakiki ni kazi yako wewe mwenye kidole.

_Ukubwa wa mwezi._ Kila mwaka utasikia: "Tazama ulivyo mkubwa, huu ni wa siku mbili, tumekosea!" Jambo hili si geni. Kwenye Sahihi Muslim wasafiri waliokwenda umra waliuona mwezi mahali panapoitwa Batn Nakhla, mmoja akasema wa siku tatu, mwingine wa siku mbili. Walipomweleza Ibn Abbas aliwauliza waliuona usiku gani, akawaambia ni wa usiku huo waliouona. Na hesabu inakubali. Kutoka mwezi mpya mpaka mwezi mpya mwingine ni wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44. Mwezi uliokuwa mchanga mno jana jioni, ukakosa kuonekana kwa saa chache tu, leo jioni umeongezewa saa 24 nzima. Lazima uonekane mnene. Unene wake hauthibitishi kwamba jana ulionekana.

_Falaki._ Alhamisi tarehe 20 Aprili 2023 jua lilipatwa, maana yake mwezi mpya ulizaliwa siku ile ile. Wataalamu wa falaki walikuwa wametangulia kusema jioni hiyo ni vigumu mno kuuona kwa macho katika nchi za Kiarabu. Saudia wakatangaza umeonekana, wakasali Idi Ijumaa tarehe 21. Oman, majirani zao wa mpaka mmoja, wakasali Jumamosi tarehe 22. Mwaka uliofuata, 2024, Saudia walianza kufunga Jumatatu tarehe 11 Machi, Oman Jumanne tarehe 12, na wote wakakutana kwenye Idi Jumatano tarehe 10 Aprili. Basi kama mtu anadhani kutofautiana kwa mwezi ni ujinga wa watu wa Handeni, ajue kuwa hata kwenye ardhi ya Waarabu wenyewe kuna majirani wanaoachana siku moja na udugu wao upo.

Nilichokiona mimi ni hiki: mwaka ambao falaki inatusaidia tunasema "hata sayansi imethibitisha." Mwaka ambao haitusaidii tunasema "tusifuate wanajimu." Sote, pande zote. Huko siyo kutafuta ukweli, ni kutafuta wakili.

*6. Siyo mwezi peke yake*

Ugonjwa huu ukiuona kwenye mwezi, utauona kila mahali. Sisi watu wa Handeni tunajua habari ya mkulima na mfugaji. Ng'ombe wameingia kwenye mahindi. Kabla mtu hajakwenda shambani, kijiji kimeshagawanyika. Waliozoea jembe wanasema: "Wameingiza makusudi." Waliozoea fimbo wanasema: "Shamba limelimwa kwenye njia ya mifugo." Hakuna aliyehesabu hata shina moja la muhindi, hakuna aliyeuliza ng'ombe ni wa nani na waliingia saa ngapi. Tukio halijulikani bado, ila hukumu imeshatoka, kwa sababu jina limesomwa kabla ya jibu.

Surat Al-Maida aya ya 8 inatukataza chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Surat An-Nisaa aya ya 135 inakwenda mbali zaidi: tusimame na uadilifu hata kama ushahidi ni dhidi ya nafsi zetu, au wazazi, au jamaa wa karibu. Aya ya kwanza inatibu chuki, ya pili inatibu mapenzi. Maradhi yote mawili yanapofusha, na dawa yao ni moja.

*7. Kazi yetu usiku wa tarehe 29*

Msikiti wetu una msimamo, na sitauficha: tunafuata tangazo la Mufti, kwa sababu tunaona rai ya kiongozi ndiyo inayokata mzozo kwenye jambo lenye khitilafu, na Idi ni ibada ya jamaa. Huo ni msimamo wetu kwenye rai. Siyo ruhusa ya kumdharau shahidi, wala kumtukana aliyechagua rai nyingine. Kwa hiyo naomba tufanye haya:

✅ Tutoke tukautazame mwezi baada ya jua kuzama, na watoto wetu tuwatoe. Ni sunna tunayoiua kwa kukaa na simu.

✅ Akija mtu na ushahidi, yeyote, maswali ni haya: Umeuona wapi? Saa ngapi? Upande gani, umekaaje? Ulikuwa na nani? Ulijitokeza kwa muda gani? Kisha tutampigia shehe wa wilaya hapo hapo. Swali la "unaswali wapi" tumelizika.

✅ Ukisikia habari inayokufurahisha, ikague mara mbili. Inayokuudhi, isikilize mpaka mwisho.

✅ Kabla hujabishana na mwenzio, ieleze rai yake kwa maneno ambayo yeye mwenyewe atasema, "ndiyo, hivyo ndivyo ninavyoamini." Ukishindwa, hujawa tayari kubishana naye.

✅ Jirani yako akila Idi kabla yako, mpe mkono wa heri, na usile mbele ya aliyefunga kama wewe ndiye uliyetangulia. Na nyumba ya mama isigeuzwe mahakama.

Yule kijana wa mkaa sasa ana watoto watatu. Bado anaswali msikiti wake, mimi wangu. Mwaka jana tarehe 29, kabla ya magharibi, nilimpigia simu nikamuuliza: "Leo unapanda kilimani?" Akacheka, akasema: "Shehe, njoo tupande wote." Nilipanda. Hatukuona kitu, wingu lilikuwa zito. Tukafuturu huko huko juu, tende na maji, yeye na mdogo wake na mimi, tukashuka kila mmoja akaenda kusubiri tangazo lake.

Ewe Allah, tuoneshe haki tuione kuwa ni haki na utupe nguvu ya kuifuata, na batili tuione kuwa ni batili na utuepushe nayo. Utakase nyoyo zetu na mapenzi yanayopofusha na chuki inayopofusha. Ewe Allah, zipokee funga zetu, utufikishe usiku wa cheo, na utuletee Idi ambayo mama zetu watatuona sote kwenye mkeka mmoja. Amin.

Kesho in shaa Allah: zakatul fitri, nani inamlazimu na itolewe lini.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.